Mlima Usiokuwa na Mgeni Rasmi

Hapo zamani zisizo za kale sana, yaani juzi tu, palikuwa na nchi isiyo na jina. Si kwamba wenyewe walikuwa wavivu wa kutunga. Jina la awali lilifutwa kwa kelele nyingi na gwaride, na jina jipya likatungwa na kamati ya wasomi, tena jina zuri, linapendeza hata likitamkwa na mtu mwenye mafua. Kasoro ilikuwa moja tu: halikuwa limezinduliwa. Mgeni rasmi wa kulizindua hakuwa amepata nafasi. Kwa hiyo raia wa nchi hiyo walipoulizwa mpakani wametoka wapi, walinyoosha kidole nyuma yao na kusema, "Kule."

Ndivyo mambo yalivyokwenda huko. Kitu hakikuhesabiwa kuwapo mpaka afike mtu mkubwa kutoka mjini, akate utepe, apigiwe makofi. Palikuwa na daraja zuri la zege, lenye taa na kingo za chuma, limekamilika tangu enzi za waziri aliyepita. Wananchi walivuka mto kwa miguu, viatu mkononi, wakipita chini ya daraja lile, huku wakimsalimu askari aliyekuwa juu akililinda. Mzee mmoja mwenye baridi yabisi alijaribu kupita juu yake. Alishitakiwa kwa kosa la kutumia kitu kisichokuwapo, na hakimu akamwonea huruma, akampa onyo tu.

Wenye lugha mbaya walicheka. Lakini utaratibu ule ulikuwa na faida zake, lazima tuseme ukweli. Nchi nzima haikuwa na daraja bovu hata moja.

* * *

Katika nchi hiyo aliishi msusi mmoja, Bi Zawena Kilindo, mwanamke mnene wa sauti, mwembamba wa mwili. Saluni yake ilikuwa chini ya Mlima Kipara, na mlima ule jina lake ulilipata kihalali. Wachoma mkaa walikuwa wameunyoa kutoka utosini hadi kisogoni, kisha mbuzi wakapita nyuma yao kama wembe. Chemchemi iliyokuwa miguuni pa mlima ikawa tope, tope likawa vumbi. Wateja wa Bi Zawena walianza kuja saluni na ndoo zao za maji kichwani, na asiyekuwa na ndoo alikaa nyumbani na nywele zake.

Bi Zawena hakuwa mwanamazingira. Alikuwa na hasira tu. Kando ya saluni yake palikuwa na kijiwe cha vijana waliomaliza shule, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, wanasubiri ajira. Siku moja aliwatokea na chanuo mkononi.

"Nyie watoto, ajira mnaisubiri ipite na barabara hii?"

"Shikamoo mama. Sasa tufanyeje?"

"Marahaba. Inukeni, tupande mlimani."

Kile alichokuwa nacho kichwani alikirithi kwa mama yake, mkulima wa bara huko: kwamba mti ukikatwa haufi. Juu unaonekana mfu, chini kisiki kina mizizi hai, na kila mvua kinatoa machipukizi, na kila machipukizi yakitoka mbuzi anayala. Basi huna haja ya kupanda kitu. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unayapunguzia matawi ya chini, mengine unayakata, unawaweka mbuzi mbali, na unakuwa na subira. Mwisho huo ndio ulikuwa mgumu, kwa sababu Bi Zawena subira hakuwa nayo. Lakini alikuwa na vijana wa kutosha kumsubiria.

Wakaunda asasi yao, wakaiita Rudisha Chemchemi. Mlima ukawa darasa. Asubuhi walijifunza kupogoa na kuchimba makinga maji ya kuzuia mmomonyoko, jioni walijifunza kutundika mizinga ya nyuki. Siwema, binti mwenye ulimi mkali kupita panga lake, akawa mkuu wa nyuki. Mbaruku, kijana mrefu asiyependa maneno, akawa na jicho la ajabu la visiki. Alikizunguka kisiki, akainama, akakiangalia mpaka wenzake wakachoka, kisha akakata pale hasa panapotakiwa, na machipukizi aliyoyaacha yalipanda kama yametumwa. Bi Zawena hakumsifu mbele ya wengine, lakini kila mgeni aliyekuja mlimani alimpeleka kwanza kuona visiki vya Mbaruku.

Wenye mbuzi waliketishwa chini. Mzee Kihedu, msemaji wao, alikubali baada ya chai na maneno mengi kwamba mbuzi wote wa bonde wahamie kilima cha pili, ng'ambo ya kijito, kilima kitupu ambacho hata jina hakikuwa nalo. Wakapeana mikono. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Mlima Kipara ukaota nywele. Na asubuhi moja kina mama walikuta chemchemi inabubujika, kidogo tu, kwa aibu, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya kukosana na wenzake. Bi Zawena alikaa kwenye jiwe akalia, kisha akawafokea vijana kwa kumwangalia akilia.

Hapa hadithi ingeisha, kama ingekuwa nchi nyingine.

* * *

Uzuri una wivu wake. Wachoma mkaa wa kata ya jirani walianza kupita na baiskeli, wakiuangalia mlima kama fisi anavyoangalia mguu wa mgonjwa. Bi Zawena akaona kuwa mlima unahitaji sheria: amri ya kupiga marufuku mkaa na mbuzi, na mlinzi wa kuisimamia. Akavaa kitenge kipya, akaenda kwa Afisa Misitu.

Afisa Misitu alimkaribisha vizuri sana. Nyuma ya kiti chake palikuwa na picha ya msitu.

"Msitu huo," aliuliza, "nani aliupanda?"

"Haukupandwa, baba. Visiki vilikuwa hai, tukavitunza."

"Nauliza mpandaji."

"Hakuna mpandaji."

Afisa Misitu aliegemea kiti, akamtazama kwa huruma kama daktari mwenye majibu mabaya. "Mama yangu, Sheria ya Misitu iko wazi. Msitu ni eneo lililopandwa miti na kiongozi, kwa niaba ya wananchi, siku ya tukio. Huko kwenu miti imejiotea yenyewe. Kwa lugha ya kitaalamu, hiyo ni miti iliyojichukulia sheria mkononi. Nikiilinda leo, kesho kila kichaka kitataka kuota bila kuomba."

"Na hawa vijana wangu? Wamesoma miaka, wana kazi mikononi, lakini kila wakiomba kazi wanaulizwa nani anawatambua."

"Wamesomea wapi?"

"Mlimani."

"Mlima upi?"

"Huo huo."

"Ambao hauna msitu." Akatabasamu. "Unaona mwenyewe. Watakuwa wamejifunza misitu pasipo na msitu. Lakini usikate tamaa. Omba mgeni rasmi. Mlima ukizinduliwa, msitu upo. Msitu ukiwapo, sheria ipo. Na vijana nao watakuwa wamesoma. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siwema, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimvuta Bi Zawena kitenge. "Mama, tuondoke. Hawa tukiwaita hawatatoka."

Lakini Bi Zawena aliwafikiria wale wa baiskeli. Akaomba mgeni rasmi. Katika maisha yake yote hakuwahi kujutia neno kama alivyolijutia hilo, hata pale alipokubali kuolewa na mume wake wa kwanza.

* * *

Aliyetangulia kuja alikuwa Bwana Makwinya, Afisa Itifaki wa Wizara ya Ukijani na Mazindulio. Alikuja na vijana wa suti waliobeba zulia jekundu, akashuka kwenye gari, akautazama Mlima Kipara, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Una nini huu mlima?" aliuliza.

"Una miti, mheshimiwa," alisema Bi Zawena kwa fahari.

"Naona. Kwa nini?"

Ikadhihirika kwamba hotuba ya Mheshimiwa Waziri ilikwisha kuandikwa. Ilikuwa hotuba nzito, imepita ofisi zote, imepigwa mihuri, na aya yake ya kwanza ilianza hivi: *Ndugu wananchi, nikiwa nimesimama juu ya mlima huu mtupu.* Katika ramani za wizara Mlima Kipara ulikuwa kipara. Bajeti ya miche ilikuwa ya kipara. Televisheni ya taifa ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya kipara.

"Badilisheni hotuba," alisema Bi Zawena.

Wale vijana wa suti walivuta pumzi kwa hofu. Bwana Makwinya hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kanisani.

"Mama, hotuba hiyo imepitishwa. Hotuba iliyopitishwa haibadilishwi. Kinachobadilishwa ni mazingira. Ndiyo maana tunaitwa wizara ya mazingira."

"Si mnaitwa Ukijani na Mazindulio?"

"Zamani," alisema Bwana Makwinya. "Sikiliza. Una vijana wenye mapanga, nimewaona, vijana hodari. Tutawapa kibarua. Wasafishe eneo la tukio, ule upande wote unaoitazama chemchemi, ili Mheshimiwa apate pa kupanda. Baada ya hapo msitu wako utakuwa halali, milele."

Bi Zawena aliwaangalia vijana wake. Mbaruku alikuwa ameushika mgunga mmoja kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemshika mdogo wake sokoni asipotee. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Yaani tuukate ndipo uwepo?"

"Sasa umeelewa," alisema Bwana Makwinya kwa furaha ya kweli.

* * *

Usiku ule Bi Zawena hakulala, na kulipokucha alikuwa na wazo. Wanaotaka kipara wapewe kipara. Ng'ambo ya kijito si kuna kilima kitupu, kile cha mbuzi? Hakina jina, hakina mwenyewe, na kimekwanguka kama sufuria ya ukoko. Watu wa mjini wana habari gani ya kilima kipi ni kipi? Wanafuata kibao cha barabarani.

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Waliking'oa kibao cha MLIMA KIPARA, wakakivusha kijito begani kama jeneza la mtu asiyependwa, wakakisimika miguuni pa kilima kile. Mzee Kihedu aliombwa awachunge mbuzi wake bondeni kwa siku moja tu. Akakubali, kwa vile alipenda sherehe na alisikia kutakuwa na wali.

"Wakishazindua," Bi Zawena aliwaeleza, "sheria itapitishwa kwa jina la Mlima Kipara. Wakiondoka, tunarudisha kibao chetu kwetu. Tumemaliza."

Siwema peke yake hakucheka. "Mama, na wakikilinda kibao?"

"Nani analinda kibao, wewe mtoto?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Bwana Makwinya alirudi siku mbili kabla ya sherehe, akasoma kibao, akautazama mlima, akaukuta mtupu kama hotuba ilivyosema. Akamshika Bi Zawena mikono yote miwili.

"Sikutegemea mngefanya kazi kwa kasi hii. Hata shina moja sioni! Mama, wewe ni mzalendo."

* * *

Mheshimiwa Lubasha Nyundomoja, Waziri, aliwasili mchana jua likiwa utosini, watu wakiwa wameketi tangu alfajiri. Alikuwa mtu mkubwa, na kila sehemu ya mwili wake ilifika kwa wakati wake. Walipiga ngoma, wakasoma risala, wakasoma risala ya kushukuru risala. Kisha akapanda jukwaani, akafungua hotuba.

"Ndugu wananchi! Nikiwa nimesimama juu ya mlima huu mtupu, naona ukijani. Siuoni kwa macho. Macho ni ya watu wasioitakia mema nchi yetu. Nauona kwa maono! Naona miti, naona ndege, naona chemchemi inayotiririka!"

Kwa kuwa jukwaa lilielekea kijito, hapo aliponyanyua uso aliuona Mlima Kipara wenyewe ng'ambo, umesimama kijani kibichi, na ndege wanazunguka juu yake, na kina mama wa ndoo chini yake. Hotuba ikamkwama kooni. Akamwinamia Bwana Makwinya, na kipaza sauti kikabeba mnong'ono wake mpaka kwa watu wa nyuma.

"Kile kule ni nini?"

Bwana Makwinya alipekua karatasi zake. "Hakimo kwenye ratiba, mheshimiwa."

Waziri akaitika kwa kichwa, ameridhika, na kuanzia hapo hakukiona tena. Huo ndio uongozi.

Kisha ikafika saa ya kupanda. Shimo lilikuwa limezungushiwa zulia. Mche ulikuwa mwashoki, ule mti mwembamba wa kupamba njia za maofisini, umeletwa kutoka mji mkuu kwa gari lenye kiyoyozi. Bado ulikuwa umevaa kile kifuko cheusi cha plastiki cha kitaluni, kwa sababu itifaki haikuruhusu mtu yeyote kuugusa mche kabla ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi hakujua kama mche huvuliwa. Akauweka shimoni na plastiki yake. Akausukumia udongo kwa ncha ya kiatu. Makofi yakapigwa. Kisha wakubwa wote waliofuatana naye, kwa ngazi ya vyeo vyao, wakapanda miashoki yao na plastiki zake.

"Mama," Siwema alinong'ona, "hawajatoa plastiki. Itanyongwa mizizi."

"Nyamaza. Si mlima wetu."

Vijana nao hawakusahauliwa. Waliitwa mbele mmoja mmoja, wakapewa vyeti vyenye nembo ya taifa. Mbaruku alikisoma chake mara mbili. Kilithibitisha kuwa amehudhuria na kusikiliza hotuba ya Mheshimiwa hadi mwisho.

* * *

Serikali ile mnaisema vibaya bure. Ilipoamua jambo, ilikuwa na mbio. Kabla vijana hawajapata nafasi ya kukirudisha kibao, yalikuja malori. Kilima cha mbuzi kilizungushiwa senyenge. Kibao cha mbao kikang'olewa, kikajengwa cha zege: MSITU WA TAIFA WA MLIMA KIPARA, na jina la Waziri chini yake kwa herufi kubwa kuliko za mlima. Sheria ikatangazwa. Ni marufuku kuchunga. Ni marufuku kuchoma mkaa. Ni marufuku kukata hata fito. Ilikuwa ni sheria ileile aliyoiomba Bi Zawena, neno kwa neno, yenye faini kali na kifungo, na ililinda miashoki iliyokuwa imekwisha kauka ndani ya plastiki.

Ajira ilitangazwa pia, ya mlinzi wa msitu, mwenye sifa za kujua miti. Mbaruku akaipata. Bibi yake alikuwa mgonjwa na nyumba yao ilikuwa inavuja. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia asiende.

Na mbuzi? Mbuzi hawakuwa wamesoma tangazo, lakini Mzee Kihedu alisomewa na askari. Alikuja saluni, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Zawena, mwanangu, tulipeana mikono. Mbuzi wakae kule. Sasa kule kuna senyenge na kuna faini. Nimewaweka bondeni mpaka wamekula mahindi ya watu. Nifanyeje?"

"Mzee, ukiwapeleka mlimani umeniua."

"Najua. Lakini na mimi nina wajukuu. Mbuzi hawali hotuba."

Kesho yake mbuzi wa bonde zima walikuwa juu ya Mlima Kipara wa kweli. Vijana waliwafukuza kutoka upande mmoja, wakaingilia mwingine. Siwema alikaukwa na sauti kwa kupiga kelele. Nyuma ya mbuzi zikaja baiskeli za wachoma mkaa. Hao walikuwa watu wastaarabu. Walianza kwa kwenda kuuliza ofisini kama wanaruhusiwa. Wakajibiwa kuwa ofisi haiwezi kuwaruhusu kukata miti kwenye mlima usiokuwapo, na kwa sababu hiyohiyo haiwezi kuwakataza. Wakashukuru, wakaenda zao kunoa mashoka.

* * *

Bi Zawena alifunga saluni, akasafiri mpaka mji mkuu, akakaa kwenye benchi la wizara mpaka Bwana Makwinya alipochoka kupitia mlango wa nyuma. Akaeleza kila kitu. Hakuficha. Alisema ni yeye aliyehamisha kibao, ni ujanja wake uliowaponza, kama ni kufungwa wamfunge, ila sheria ihamie kwenye mlima wenyewe.

Bwana Makwinya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuufunga mlango.

"Yaani unataka kusema kuwa Mheshimiwa alizindua mlima usio wenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Mama Zawena. Mheshimiwa hakosei mlima. Mlima ndio unaweza kumkosea Mheshimiwa."

"Basi njooni mzindue na wetu. Mlima wa pili! Upeni jina lolote, hata la mama yake Waziri. Maji yameanza kupungua tena, baba. Nimewaona kina mama juzi wanateka kwa kikombe."

Hapo Bwana Makwinya alilainika. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Bi Zawena kuliko yote: katika safari yake nzima hakukutana na mtu mbaya hata mmoja. Akafungua kabati, akatoa mwongozo, akafunua kurasa taratibu.

"Inawezekana," alisema. "Kwa kweli inawezekana kabisa. Sharti ni lile la mwanzo, mlima uwe mtupu. Umesema kuna mbuzi?"

"Wamejaa."

"Na wachoma mkaa?"

"Wameanza."

"Basi usiwaingilie." Akafunga mwongozo, uso umejaa wema. "Kwa mwendo huo, mwakani mtakuwa mmekidhi vigezo."

Bi Zawena alifungua mdomo atukane. Alikuwa na matusi mazuri, ya saluni, yaliyoiva kwa miaka mingi. Hayakutoka. Alitoka nje, akashika ukuta wa wizara kwa mkono mmoja, akasimama hivyo mpaka mlinzi akamwomba asichafue rangi.

* * *

Aliporudi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kilima cha senyenge, kwa sababu akiwa kwenye basi aliona kitu cha kijani juu yake, na moyo ukamruka. Mvua zilikuwa zimenyesha wakati hayupo. Mbuzi walikuwa hawagusi pale. Chini ya ule ukoko kumbe navyo vilikuwapo visiki hai, vya miaka na miaka, na sasa vilikuwa vinachipua kila mahali, kwa fujo, katikati ya miashoki iliyokufa.

Mbaruku alikuwa ndani, amevaa sare, ana panga. Alikuwa anayakata.

Alikwenda kisiki kwa kisiki. Aliinama kwa mtindo uleule, akakiangalia kwa jicho lilelile, akashusha panga, machipukizi yakalala. Bi Zawena alishika senyenge mpaka miba ikamwingia kiganjani.

"Mbaruku!"

Kijana akageuka. Alikuja mpaka kwenye ua, hakumwangalia usoni. "Shikamoo mama."

"Usiniamkie. Unafanya nini?"

"Ni amri, mama. Waziri anakuja kukagua msitu wake. Kisichopandwa kiondolewe, ili vilivyopandwa vionekane."

"Vilivyopandwa vimekufa!"

"Najua. Kuna rangi ya kijani imeletwa. Tutapaka."

Bi Zawena alianza kulia, kwa sauti, bila kujificha, kama alivyokuwa hajalia tangu msiba wa mama yake. Alimwambia Mbaruku kwamba ni heri angemfundisha kuiba. Kwamba mkono ule ameushika yeye mwenyewe, akauonyesha mahali pa kukata. Mbaruku alivumilia yote. Kisha akachuchumaa, akaufunua udongo kidogo kwa vidole, akaongea haraka, maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima.

"Angalia nilipokata, mama. Angalia vizuri. Nimekata juu. Wameniambia ning'oe, sijang'oa hata kimoja. Kisiki kiko palepale, mizizi iko palepale. Mawaziri hawakai, huyu atabadilishwa, tutakuja kuviachia. Visiki vinaweza kungoja, si ndivyo ulivyotufundisha? Vinaweza kungoja hata miaka ishirini."

Bi Zawena alivitazama visiki. Ilikuwa kazi safi. Hakuna mwanafunzi wake mwingine ambaye angeweza kukata namna ile, karibu na kuua bila kuua.

"Visiki vinaweza," alisema. "Mimi siwezi, Mbaruku. Na wewe, una miaka mingapi?"

Chini barabarani gari la wizara lilikuwa linakata kona, limebeba madebe ya rangi. Kijana akasimama, akaweka kofia yake sawa, akarudi kwenye kisiki kilichofuata.